Halisi ni Lipi? Tafakari juu ya Neno Moja na Majina Yetu



Wapendwa katika Bwana, mwezi uliopita walifika ofisini kwetu binti mmoja na mchumba wake kuandikisha ndoa. Binti alikuwa na vyeti viwili mkononi. Cheti cha kuzaliwa kilisema anaitwa Chausiku. Cheti chake cha zamani cha ubatizo kilisema Jenifa. (Majina haya si yake halisi, tumeyabadili ili asitambulike. Lakini ni ya aina ileile, na aina ndiyo inayotuhusu leo.) Tulipomwuliza kwa nini vyeti vyake havipatani, hakujibu neno. Alitugeuzia kile cha ubatizo, akaweka kidole chini kabisa, mahali pa sahihi. Sahihi ilikuwa yetu.

Hapo tukakumbuka. Mwaka 2009 tulikuwa padre mpya, paroko msaidizi katika parokia nyingine ya Jimbo Kuu hili la Dar es Salaam, na mtoto yule wa miaka 8 alikuwa miongoni mwa watoto wa mafundisho waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo. Mama yake alitaka abatizwe kwa jina alilozaliwa nalo, jina la bibi yake wa Rufiji. Katekista alisema hilo ni jina la Kiislamu, si jina halisi la Kikristo. Nasi, tuliokuwa tumetoka seminari na vitabu vyote bado vikiwa vya moto kichwani, tukamwunga mkono katekista wetu. Mama akaambiwa arudi na jina jingine. Baada ya juma moja alirudi na Jenifa, akapokelewa bila swali hata moja.

Sasa tutazame vizuri tulichokifanya. Chausiku ni Kiswahili kitupu: ni mtoto aliyezaliwa usiku, basi. Halimo katika Korani, wala halina hata silabi moja ya Kiarabu. Wanalo Waislamu wengi wa pwani kwa sababu watu wa pwani wengi ni Waislamu, na watoto wao nao huzaliwa usiku kama wetu. Jenifa je? Ni jina lililotoka Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, nalo ni umbo la jina la Guinevere, malkia wa zile hadithi za mfalme Arthur. Halimo katika Biblia, wala halikutokana na mtakatifu yeyote. Na yule malkia, kwa wale wanaozifahamu hadithi zake, si mfano ambao tungempa binti anayejiandaa kwa ndoa. Kwa maneno mengine tulilikataa jina la nyumbani tukidai si la Kikristo, tukapokea lisilo la Kikristo kwa kuwa lilinukia Ulaya. Na yote hayo tuliyatenda kwa kutumia neno moja: halisi.

Neno hili limetusumbua tangu siku hiyo, nasi tumeona tulitafakari pamoja juma hili.

Waingereza wana neno authentic. Walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa katika Kilatini, nacho Kilatini kililikopa kutoka Kigiriki. Katika Kigiriki cha kale, authentes alikuwa mtu atendaye jambo kwa mkono wake mwenyewe, mwenye kauli juu ya kazi yake. (Wagiriki hawakuona haya kulitumia neno hilo hata kwa muuaji, maana naye ameua kwa mkono wake.) Tangu hapo limezaa watoto wengi wasiofanana. Sisi tuliosoma seminari tulikutana nalo kila kona. Katika mafundisho ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Ufunuo, mwaka 1965, linahusu mamlaka: kazi ya kulifafanua Neno la Mungu kwa mamlaka imekabidhiwa majisterio ya Kanisa iliyo hai. Kwenye masalia ya watakatifu, authentica ni karatasi yenye muhuri inayoshuhudia kwamba mfupa huu ni wa mtakatifu fulani. Hata mwalimu wetu wa uimbaji wa Kigregori alilitumia neno hilo kwa nusu ya tuni zile nane, naye hakutueleza kamwe zile tuni nyingine zilikosa nini. Na katika Kiingereza cha siku hizi chakula ni authentic, ngoma ni authentic, mtu asiyeficha hisia zake naye ni authentic.

Kiswahili kimefanya busara zaidi, kwa kuwa kimeligawa fungu hilo. Halisi limetoka katika Kiarabu, khalis, kitu kisichochanganywa: asali isiyotiwa maji ya sukari, dhahabu isiyo na shaba. Asili ni shina, mahali kitu kilipochipuka. Sahihi ni kilicho kizima, kisicho na kosa. Na kwa namna ya ajabu neno hilohilo ndilo tunaloliita lile jina tunaloandika kwa mkono chini ya hati, yaani ushahidi wa mtu. Kisha kuna kweli, ambayo hatuna haja ya kuieleza. Kitu kinaweza kuwa na moja kati ya haya na kukosa mengine. Taabu huanza pale tunapolichukua halisi, neno la asali na dhahabu, tukalitumia kumpimia binadamu.

Huku kwetu Temeke tunayajua mambo haya bila kwenda seminari. Simama mbele ya duka lolote uulize bei, utaulizwa wewe kwanza: unataka orijino au feki? Na wengi wetu tunaukumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia nchi nzima. Simu iliyokuwa ikipiga na kupokea vizuri jioni, iliyoleta sauti ya mama kutoka kijijini na pesa ya ada kutoka kwa mjomba, asubuhi ilikuwa kopo. Haikuwa imeharibika. Namba yake haikutambuliwa katika daftari. Hatusemi Mamlaka ilikosea. Simu bandia zina madhara yake. Tunasema tu kwamba kilichoamua uhalisi wa ile simu ni daftari, si kazi iliyoifanya.

Mfano wa kinyume chake unatoka Zanzibar na pwani yote ya karne ya 19. Fedha iliyoaminika sana katika biashara ya karafuu na pembe za ndovu ilikuwa riale, neno la Kihispania lenye maana ya kitu cha kifalme. Zilikuwapo za aina nyingi. Ya Wahispania iliitwa riale ya mzinga, kwa kuwa nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilionekana kwa macho ya pwani kama mizinga. Lakini iliyoenea kuliko zote ilikuwa ile yenye sura ya mama mnene mwenye ushungi: Maria Theresa, malkia Mkatoliki wa Austria. Alifariki tarehe 29 Novemba 1780, na sarafu yake imeandikwa 1780. Ajabu ni kwamba iliendelea kufuliwa baada ya kifo chake, Vienna kwanza na baadaye hata Roma, London na Bombay, kwa zaidi ya miaka 150, na daima kwa mwaka uleule wa 1780. Kwa hiyo karibu kila riale ya Maria Theresa iliyopita mikononi mwa babu zetu ilisema uongo juu ya umri wake. Je, ilikuwa bandia? Hapana. Fedha yake ilikuwa fedha, uzito wake ulikuwa gramu 28 zilezile, na wafanyabiashara waliikubali kwa kuzikagua alama ndogo za ushungi na kifungo cha vazi la malkia. Ilikuwa na kasoro ya asili, na bado watu waliitegemea.

Tunaitaja sarafu hii si kwa udadisi tu. Bwana wetu alipojaribiwa juu ya kodi, aliomba aonyeshwe sarafu, akauliza ni ya nani sura ile na ni la nani jina lililoandikwa. Sura na jina. Mababa wa Kanisa walikwisha kuona kwamba swali lile linaelekea kwetu, maana binadamu ndiye abebaye sura ya Mungu. Na pwani hii riale na jina la mtu vilikutana kwa uchungu. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watoto watumwa kwa fedha, wakawalea na kuwabatiza, na katika ubatizo wakawapa majina mapya. Mtakatifu Bakhita, aliyetekwa akiwa mtoto huko Darfur, alisahau kabisa jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita, maana yake mwenye bahati, ni jina alilobandikwa na watekaji. Alipobatizwa Venice mwaka 1890 aliongezewa majina matukufu ya Ulaya, Josephine Margaret Fortunata. Lakini Oktoba 1, 2000, Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mtakatifu, dunia nzima ilimwita Bakhita. Ukimwuliza mtu mwenye kupenda usafi wa majina lipi kati ya hayo ni lake halisi, atapata shida. La mama yake limepotea. La ukoo halijulikani. Lililobaki ni la wezi, nalo sasa linaitwa katika litania.

Baada ya uhuru, nchi zetu zililichukua neno hili kwa hamu kubwa, na hatulaumu hamu yenyewe. Watu walioambiwa kwa miongo mingi kwamba hawana utamaduni walikuwa na haki ya kuutafuta. Mwalimu Nyerere, mwezi Desemba 1962, alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisikitika kwamba wasomi wetu waliijua rumba na dansi za Kizungu kuliko ngoma za nyumbani. Ni sikitiko la haki kabisa. Lakini miaka sita baadaye, hapa hapa Dar es Salaam, sikitiko likapata rungu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, minisketi, mawigi, krimu za kung'arisha ngozi na suruali za kubana vingepigwa marufuku kwa kuwa si utamaduni wa Kiafrika. Vijana hawakungoja Januari. Wanawake walikamatwa Kariakoo na kwenye mabasi, wakazomewa, wengine wakachaniwa nguo mbele ya umati. Na katika miaka hiyohiyo, mkoani Arusha, serikali ilikuwa ikiwashurutisha Wamasai waache mashuka yao na rangi nyekundu wavae suruali. Yaani binti wa Kariakoo alipigwa kwa kuvaa kizungu, na Mmasai akasukumwa kwa kutovaa kizungu. Anayetaka kujua neno halisi linavyoweza kugeuzwa fimbo ya kumpigia aliye karibu, akumbuke mwaka ule.

Hata hivyo Tanzania haikugusa majina. Mwalimu alibaki Julius, jina la ubatizo wake wa mwaka 1943, na alibaki Kambarage pia, wala hakuna aliyemtaka achague. Jirani zetu wa ng'ambo ya Tanganyika hawakuwa na bahati hiyo.

Joseph-Désiré Mobutu alitwaa madaraka Kongo mwaka 1965. Alikuwa mtoto wa Kanisa: alibatizwa, akasoma shule za misioni. Mwaka 1966 miji yenye majina ya wafalme wa Ubelgiji na wapelelezi ilibadilishwa, Léopoldville ikawa Kinshasa, Elisabethville ikawa Lubumbashi, Stanleyville ikawa Kisangani. Hadi hapo nani angelalamika? Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire, na Januari 1972 rais akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Siasa hiyo ikaitwa kwa Kifaransa authenticité, mtoto mwingine wa lile neno la Kigiriki. Kila raia alitakiwa aache jina lake la Kikristo achukue la mababu. Mapadre wakaonywa kwamba atakayembatiza mtoto wa Kizaire kwa jina la Kizungu atafungwa miaka 5. Suti na tai zikakatazwa; wanaume wakavaa koti la abacost.

Tukae hapa kidogo, maana pana mengi. Zaire, jina lile la uhalisi, halikuwa la Kiafrika katika umbo lake: ni namna Wareno walivyolitamka vibaya neno la Kikongo, nzadi au nzere, yaani mto. Abacost nalo ni maneno ya Kifaransa yaliyobanwa pamoja, yenye maana ya "suti na ishindwe", na koti lenyewe lilifanana na lile la Mao wa China. Nchi, mto na fedha vyote vikaitwa zaire, na juu ya fedha hiyo ikawekwa sura ya rais. Sura na jina, tena. Taarifa ya habari ya televisheni ilifunguliwa kwa sura hiyohiyo ikishuka kutoka mawinguni. Wazee wetu wa Kinondoni waliokuwa wakienda dansini watakumbuka kwamba bendi moja ya Wakongo waliohamia mjini kwetu ilijiita kwanza Maquis du Zaire, kisha ikawa Maquis Original. Hata muziki ulilazimika kujitambulisha kwamba si feki.

Aliyesimama mbele ya wimbi lile alikuwa Mwadhama Kardinali Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa. Na hapa ndipo historia inapotufundisha kusoma neno polepole. Malula hakuwa mtetezi wa Uzungu. Alipowekwa wakfu kuwa askofu msaidizi mwaka 1959, kabla ya uhuru, alikuwa amekwisha kusema kwamba anataka Kanisa la Kikongo katika taifa la Kikongo. Alikuwa akitaka ngoma na nyimbo za nyumbani ziingie katika Misa wakati ambapo Mobutu alikuwa bado mwandishi wa magazeti. Januari 1972 gazeti la Kikatoliki la Afrique chrétienne lilipotia shaka juu ya siasa ile ya kurudi kwa mababu, gazeti lilifungiwa. Kardinali akafukuzwa katika nyumba yake, ikapewa vijana wa chama, naye akaondoka kwenda uhamishoni Roma. Alirejea katikati ya mwaka uleule. Serikali ilishinda katika jambo la majina. Mwaka 1974 Krismasi ikaondolewa katika orodha ya sikukuu za taifa, na shule za misioni zikataifishwa. Zilianza kurudishiwa Kanisa kwa mapatano ya mwaka 1977, baada ya serikali kuona kwamba haiwezi kuziendesha.

Watu wawili, nchi moja, neno moja. Kwa Mobutu, halisi lilikuwa kama lile la dahabu: ondoa kila kilichotoka nje, kibaki kisichochanganyika, na mimi ndiye nitakayesema kipi kimetoka nje. Kwa Malula lilikuwa karibu na lile la Kigiriki: jambo ambalo Wakristo wa Kongo wanalitenda kwa mkono wao wenyewe, hata kama mbegu ilikuja kwa meli. Papa Paulo VI alikuwa amekwisha kuwaambia maaskofu wa Afrika pale Kampala, tarehe 31 Julai 1969, kwamba wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Malula aliichukua kauli ile kama kazi ya kufanya, si kama bendera ya kupepea. Matokeo yake ni Misale ya Kirumi kwa ajili ya majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988. Katika Misa hiyo watakatifu huitwa mwanzoni pamoja na mababu wenye moyo mnyofu, maungamo huja baada ya Neno kusikika na si kabla, na padre huizunguka altare kwa kucheza. Malula alifariki mwaka mmoja baadaye, Juni 1989.

Mwezi Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na tai zikaruhusiwa. Baada ya kuanguka kwake mwaka 1997 nchi iliacha kuitwa Zaire. Lakini Misa ile imebaki. Papa Fransisko aliiongoza ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019, na tena uwanja wa Ndolo, Kinshasa, tarehe 1 Februari 2023. Tukiruhusiwa kuongeza jambo dogo: Mobutu mwenyewe alipotaka kufunga ndoa na Bobi Ladawa, tarehe 1 Mei 1980, siku moja kabla ya Papa Yohane Paulo II kuwasili nchini mwake, hakwenda kwa mababu. Alikwenda kanisani.

Nchi ileile ilitupa pia Mwenye Heri Anuarite, ambaye jina lake linabebwa na jumuiya na kwaya nyingi hata huku kwetu. Alizaliwa Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, akaitwa Nengapeta. Alipopelekwa shule aliandikishwa kwa jina la dada yake, Anuarite, nalo likamganda. Alipobatizwa alikuwa Alphonsine; alipoweka nadhiri akawa Marie-Clémentine. Majina manne, na lililo maarufu kuliko yote lilitokana na kosa la daftari. Usiku ule wa Desemba 1, 1964, Isiro, alipomkataa kanali wa waasi na kumsamehe aliyekuwa akimwua, hakuna aliyemwuliza lipi ni halisi. Papa alimtangaza mwenye heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Na Kizito? Kijana yule wa Buganda alibatizwa na Karoli Lwanga wakiwa wanangoja hukumu, muda mfupi kabla ya kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Hakukuwa na muda wa kumtafutia jina katika kitabu, wala Kanisa halikumtafutia baadaye. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1964 akiwa Kizito tu. Leo mzazi akituletea mtoto aitwe Kizito, tunaandika mara moja kwamba hilo ni jina la Kikristo. Ni kweli, lakini lilifanywa la Kikristo na aliyelibeba.

Sheria ya Kanisa nayo imetembea. Mkusanyo wa mwaka 1917, kanuni ya 761, ulimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, aongeze jina la mtakatifu katika daftari. Mkusanyo wa mwaka 1983, ambao ndio tulionao, kanuni ya 855, unasema jambo dogo zaidi: wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Basi. Mwaka 2009 tuliijua kanuni hii kwa namba yake, tulikuwa tumeifanyia mtihani. Tulichotekeleza ofisini kilikuwa ile ya 1917, tena vibaya, maana hata ile isingetupa Jenifa.

Hatusemi kwamba sasa kila jina litapita. Mzazi akituletea mtoto aitwe Siwema kwa sababu ya ugomvi na mawifi zake, tutakaa naye tuzungumze, maana mtoto atalibeba neno lile maisha yake yote kwa kosa ambalo si lake. Tutauliza maana ya jina na kwa nini limechaguliwa. Tutawaeleza pia wazazi uzuri wa kuwa na mtakatifu msimamizi, na wengi hupenda. Tulichokiacha ni kuuliza jina limetoka bara gani.

Tulimwuliza binti yule kama amewahi kuitwa Jenifa na mtu yeyote. Alisema shuleni, siku za kipindi cha dini, na katika Komunyo ya Kwanza. Nyumbani hapana. Mama yake, aliyefariki miaka mitatu iliyopita, hakuwahi kulitamka. Tulimwomba radhi. Alicheka kidogo akasema, "Baba, mimi nilidhani ndiyo sheria," nasi tukakosa la kujibu, kwa kuwa yeye alikuwa mtoto wa miaka 8 na sisi ndio tuliokuwa tumeisoma hiyo sheria.

Daftari la ubatizo halifutwi kwa kalamu ya mtu mmoja, nalo halipo katika parokia yetu. Tumeiandikia parokia ile pamoja na ofisi ya Jimbo Kuu, tukaeleza jinsi jambo lilivyotokea na kwamba kosa ni letu, tukaomba ruhusa iandikwe pembeni mwa jina lile kwamba mbatizwa ni Chausiku na ndiye huyohuyo. Jibu bado. Wakati huo, kwa kuwa hapana shaka juu ya nafsi ya mhusika, tangazo la kwanza la ndoa yao litasomwa Dominika ijayo katika Misa ya kwanza, saa 12 na nusu asubuhi, kwa jina alilopewa na mama yake. Bibi yake ametuma ujumbe kutoka Rufiji. Yeye ni Mwislamu, ana umri mkubwa, na anauliza kama anaruhusiwa kuingia kanisani kusikiliza jina lake likitajwa. Tumemjibu kwamba aje, na tumewaomba wazee wa kanisa wamwekee nafasi kwenye benchi la mbele, upande wa feni.